Ndege ya Vita Inazeeka Namna Gani, na Inafanywa Upya Namna Gani?

Somo kwa madarasa ya juu. Wa madarasa ya chini walisome pamoja na mwalimu, pole pole.



Mashini zote zinazeeka: kinga (baisikeli), redio, motere ya mtumbwi, gari la moshi. Ndege ya vita nayo inazeeka. Lakini bei yake ni kali sana, hata nchi tajiri hazipendi kuitupa. Kwa hiyo mafundi wametafuta njia za kurefusha maisha yake: wanaifungua, wanaipima, wanabadilisha vile vilivyochoka, kisha wanairudisha hewani kwa miaka 10, 20 ama zaidi.

Labda mmoja wenu atauliza: "Habari hii inatuhusu nini sisi watu wa Maniema?" Inatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza, ndege ya zamani iliyofanywa upya ilikuja kupigana hapa kwetu katika mwaka 1964. Ya pili, nchi yetu ilipata ndege nzuri za vita katika miaka ya 1970, lakini haikuweza kuzitunza, na wakati ule ule Wabelgiji walizitunza ndege za aina ile ile. Tukifahamu sababu, tutafahamu jambo kubwa kuhusu mashini zote, hata ile iliyo nyumbani kwako.

1. NDEGE ILIYOKUJA KINDU

Mwezi wa Julai 1964 Wasimba waliingia Kindu. Serikali ya Léopoldville, ambayo waziri wake mkuu alikuwa Moïse Tshombe, ikaomba msaada kwa Marekani na Ubelgiji. Marekani ikaleta ndege za T-28, ni kusema ndege ndogo za kufundishia zilizofungwa silaha. Tena tangu mwezi wa Agosti 1964 ikaleta ndege kubwa zaidi zenye motere mbili, jina lake B-26K. Waliozirusha walikuwa mapiloti Wakuba waliokimbia serikali ya Fidel Castro, na mshahara wao ulitoka kwa CIA, shirika la upelelezi la Marekani.

Mwanzo wa Novemba 1964 kolone ya askari wa serikali na mamluki, chini ya kolonel Mbelgiji Frédéric Vandewalle, ilitoka Kongolo. Ndege za B-26K ziliruka mbele yake. Tarehe 5 Novemba kolone ikaingia Kindu. Tarehe 24 Novemba ikafika Stanleyville, ni kusema Kisangani, siku ile ile parakomando Wabelgiji waliposhuka pale toka hewani.

Katika vita hiyo watu wengi walikufa, wengine kwa mkono wa Wasimba, wengine kwa mkono wa askari na mamluki, na wengi wao hawakuwa na bunduki. Somo hili si la kusifu ndege hizo. Tunataka tu kujua zilitoka wapi.

Basi, zilitoka mbali katika miaka. B-26 ya kwanza, ambayo wakati ule iliitwa A-26, iliruka mara ya kwanza tarehe 10 Julai 1942, katika Vita Kuu ya Pili. Ilipiga vita Ulaya, kisha Korea kuanzia 1950. Wafaransa waliitumia Indochina. Wakati ilipokuja Kongo, aina hiyo ya ndege ilikuwa na miaka 22. Katika miaka hiyo 22 dunia ilikuwa imekwisha kuacha helisi (panga zile zinazozunguka mbele ya motere) na kuingia katika ndege za jeti. Kwa nini basi walileta mzee kupigana?

Sababu ni mbili. Kwanza, Wasimba hawakuwa na ndege za kushindana nayo. Ya pili, katika vita ya porini ndege ya pole pole inayoweza kukaa hewani saa nyingi na kuona barabara inafaa kuliko jeti inayopita kama mshale na kumaliza mafuta upesi.

Lakini mzee huyo alikuwa na ugonjwa. Mwaka 1963 B-26 za zamani zilizotumwa Vietnam zilianza kukatika mabawa. Tena mwezi wa Februari 1964 moja ilikatika bawa ikiwa hewani pa Eglin, katika Florida, mbele ya watu waliokuja kutazama maonyesho ya jeshi. Waliokuwa ndani walikufa. Nyuma ya hiyo, Marekani ikaondoa B-26 za zamani katika kazi ya Vietnam.

Kwa bahati yao, dawa ilikuwa inatengenezwa tayari. Kampuni On Mark ya Van Nuys, katika California, ilikuwa imepewa kazi ya kufanya upya ndege 40. Ya majaribio iliruka Januari 1963. Hawakupaka rangi tu. Walifungua ndege yote. Mabawa yakaimarishwa, mwili na mkia vikajengwa upya. Motere za zamani zenye nguvu ya farasi 2,000 zikaondolewa, zikafungwa nyingine za farasi 2,500. Helisi mpya ziliweza kugeuza nguvu yake kinyume, ili ndege isimame upesi katika kiwanja kifupi. Freni zikaongezwa nguvu. Matangi ya mafuta yakafungwa katika ncha za mabawa ili iende mbali. Chini ya mabawa kukawekwa mahali 8 pa kutundika silaha. Herufi K katika jina B-26K ndiyo alama ya kazi hiyo.

Ni hizo zilizoonekana juu ya Lualaba. Mtu aliyezitazama toka chini aliona ndege moja. Fundi angeona mbili: muundo wa 1942 na kazi ya 1964.

2. CHUMA KINACHOKA

Sasa tuulize: juu ya nini bawa linakatika? Mtu anaweza kufikiri kwamba chuma ni kigumu au si kigumu, na kama kilishika uzito jana, kitashika kesho. Sivyo. Chuma kinachoka.

Chukueni kipande cha waya. Kukivuta kwa mikono kikatike ni shida. Lakini mkikipinda na kukinyoosha, kukipinda na kukinyoosha, mara ya 10 ama ya 20 kitakatika chenyewe, na mikono yenu haikutumia nguvu nyingi. Kila mara mlipokipinda, ufa mdogo sana usioonekana kwa macho ulikua kidogo. Mwishoni, chuma kilichobaki hakikutosha kushika.

Bawa la ndege ni vile vile. Limetengenezwa zaidi kwa aluminiumu, ndugu ya ile ya masufuria yetu lakini iliyochanganywa na metali nyingine ili iwe ngumu. Ndani ya bawa kuna boriti ndefu inayoshika uzito, sawasawa na boriti ya nyumba. Ndege ikiruka, hewa inalisukuma bawa juu. Ikitua, bawa linashuka. Ikigeuka kwa nguvu, bawa linapindwa sana. Kila safari ni kupinda na kunyoosha. Ufa unapenda kuanza katika tundu la riveti au katika kona kali, kwa sababu pale nguvu inakusanyika.

Hesabu kidogo. Ndege ya vita ikigeuka kwa ghafula inaweza kuongeza uzito wa kila kitu mara 6. Mwanafunzi wa kilo 50 atajisikia kuwa na kilo 300. Ndege ya tani 10 itakuwa kama ina tani 60, na boriti ya bawa inapaswa kuzishika zote. Ndiyo maana ndege ya vita inachoka upesi kuliko ile ya abiria inayokwenda mbele moja kwa moja bila mchezo.

Lakini hata ya abiria haikuokoka. Ndege ya kwanza ya jeti ya abiria, Comet ya Waingereza, ilianza safari zake Mei 1952, kutoka London mpaka Johannesburg, ikipita Entebbe katika Uganda. Watu wa Afrika Mashariki waliiona mbele ya watu wa nchi nyingi. Mwaka 1954, tarehe 10 Januari na tena tarehe 8 Aprili, Comet mbili zilipasuka hewani karibu na Italia na abiria wote walikufa. Wataalamu wakaweka mwili wa Comet nyingine katika tangi kubwa la maji pa Farnborough, wakawa wakiujaza kwa nguvu na kuulegeza, mara nyingi sana, kama vile inavyotokea katika kila safari. Mwishoni ukapasuka. Kumbe ulikuwa uchovu wa chuma. Tangu siku hizo kila mjenzi wa ndege anajua kwamba anapaswa kuhesabu uchovu.

3. UMRI WA NDEGE UNAHESABIWA NAMNA GANI?

Mtu tunamhesabu kwa miaka. Ndege inahesabiwa kwa njia tatu pamoja.

(a) Saa za kuruka. Kila safari inaandikwa katika kitabu cha ndege: saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Mfano: ndege ya Marekani inayoitwa F-16 ilipangiwa maisha ya saa 8,000. Mwaka 2017, nyuma ya kuzipima sana, jeshi la Marekani lilikubali kwamba zile za aina za karibuni zaidi zikiimarishwa ziweze kufika saa 12,000.

(b) Ukali wa kazi. Saa moja ya kusafiri pole pole si sawa na saa moja ya kugeuka na kushuka kwa nguvu. Kwa hiyo katika ndege za vita kuna chombo kinachoandika mara ngapi bawa lilipindwa, na kwa nguvu gani. Ndege mbili zilizozaliwa mwaka mmoja zinaweza kutofautiana: moja bado kijana, nyingine imekwisha.

(c) Miaka yenyewe. Hata ndege iliyolala chini inazeeka. Mipira ya kuzuia mafuta inakauka na kupasuka. Ngozi ya nyaya za umeme inakatika. Katika nchi ya mvua nyingi kama yetu, unyevu unaingia katika maungio na kula metali. Aluminiumu haitoi kutu nyekundu kama msumari, inatoa unga mweupe. Nyigu nao wanaweza kujenga nyumba ya udongo ndani ya kile kibomba kidogo kinachopima mwendo wa ndege, na piloti akiruka bila kuangalia atasoma mwendo wa uongo. Ndiyo sababu kibomba hicho kinafunikwa ndege ikiwa chini.

Msisahau hii ya tatu. Wengi wanafikiri kwamba kitu kisichotumiwa kinajitunza. Hakijitunzi.

4. HATUA ZA KUIFANYA UPYA

Hatua ya kwanza ni kusoma kitabu cha ndege. Kama kitabu kimepotea ama kimeandikwa ovyo, fundi hajui ndege imechoka kiasi gani, na kazi inakuwa ya kubahatisha.

Hatua ya pili ni kuifungua. Motere inatolewa, mabawa yanatolewa, vifuniko vyote vinaondolewa, rangi inasuguliwa mpaka metali ionekane.

Hatua ya tatu ni kutafuta nyufa. Kuna njia ya maji ya rangi: yanapakwa juu ya metali, yanaingia katika ufa, yanapanguswa, kisha unga mweupe unanyunyizwa na kuvuta yale yaliyobaki ndani. Ufa unaonekana kama mstari uliochorwa kwa kalamu. Kuna pia picha za eksirei, kama zile za hospitali za kutazama mfupa uliovunjika, na kuna vyombo vya umeme vinavyosikia ufa uliofichwa chini.

Hatua ya nne ni mifupa. Boriti iliyopasuka inabadilishwa ama inaongezewa nguvu. Hatua hii ndiyo inayorefusha maisha kweli. Zote nyingine ni kuongeza uwezo tu.

Hatua ya tano ni motere, na hatua ya sita ni macho na masikio: radari, redio, vyombo vya kuonyesha njia, kiti cha kumtupa piloti nje wakati wa hatari. Radari ya leo inaona mbali kuliko ile ya miaka ya 1960. Lakini kila kitu kipya kinataka umeme na kinataka kupozwa, na uzito wake unahamisha kati ya ndege, ni kusema mahali inaposawazika. Fundi akiongeza kilo 100 katika pua bila hesabu, ndege itakuwa na tabia mbaya hewani.

Hatua ya saba ni kuijaribu: kwanza chini, kisha hewani na piloti mwenye ujuzi, pole pole, siku baada ya siku.

Angalieni mpango huu. Mifupa mbele ya macho. Serikali fulani zinapenda kununua radari mpya kwa sababu inaonekana na wageni wanaisifu, na boriti haionekani. Lakini radari nzuri haitamshika piloti hewani siku bawa litakapokatika.

5. MIRAGE MOJA, NCHI MBILI

Sasa tufike katika mfano unaotugusa zaidi. Ufaransa ilitengeneza ndege ya jeti inayoitwa Mirage 5. Ubelgiji ilinunua 106, zikafika kati ya 1970 na 1973, nyingi zikaunganishwa katika kiwanda cha Ubelgiji chenyewe, jina lake SABCA. Nchi yetu, iliyoitwa Zaïre wakati ule, iliagiza 17 katika mwaka 1973. Wakati huo shaba ilikuwa na bei nzuri, na serikali iliona kwamba pesa haitakosa.

Katika mwaka 1974 bei ya shaba ikaanza kuanguka vibaya. Mirage zikaanza kufika kuanzia 1975, lakini si zote zilizoagizwa. Zilitumika katika vita ya Shaba ya mwaka 1977. Katika miaka iliyofuata nyingine zilianguka, nyingine zikalala chini kwa kukosa vipande, na mwishoni hakuna hata moja iliyobaki kazini.

Na Wabelgiji? Karibu na mwisho wa miaka ya 1980 walichukua Mirage zao 20 na kuanza kuzifanya upya: kiti kipya cha kumwokoa piloti, mabawa madogo karibu na pua ili zigeuke vizuri, vyombo vipya ndani. Vita baridi ilipokwisha, Ubelgiji ikaona haizihitaji tena, ikaziondoa kazini katika mwaka 1993. Lakini hazikutupwa. Chile, nchi ya Amerika ya Kusini, ilizinunua katika mwaka 1994, na huko ziliendelea kuruka zaidi ya miaka 10.

Ndege ni ya aina moja. Chuma ni kimoja. Basi tofauti iko wapi? Mtu asiseme kwamba ni akili ya watu. Wakongomani wamerusha ndege nzuri na mafundi wetu wanafufua malori ambayo Ulaya ingeyatupa. Tofauti ni hii: Ubelgiji ilinunua ndege pamoja na kazi yake. Kiwanda kilikuwa kwao, kijana wa shule ya ufundi aliingia pale na kukuta wazee wa kazi, vipande vilitengenezwa karibu, vitabu vilikuwa katika lugha yao. Zaïre ilinunua ndege peke yake. Kila kipande kidogo kilipaswa kulipwa kwa pesa ya kigeni, na pesa ilipokosa, kila kitu kikasimama.

Hata zile B-26K za mwaka 1964 zilikuwa hivyo hivyo. Kazi ya kuzitunza ilifanywa na kampuni inayoitwa WIGMO, yenye mafundi waliotoka Ulaya. Walifanya vizuri, ndege ziliruka. Lakini vita ilipokwisha, mafundi walirudi kwao na ujuzi wao katika kichwa. Chuma kilikuja Kongo, ufundi haukubaki.

6. WENGINE WALIFANYA NAMNA GANI?

Afrika Kusini ilikuwa na Mirage III tangu 1963. Mwaka 1977 Umoja wa Mataifa ulikataza nchi zote kuiuzia silaha, kwa sababu ya utawala wake wa kubagua watu kwa rangi. Serikali hiyo haikuweza tena kununua ndege mpya. Ikachukua zile za zamani na kuzijenga upya katika kiwanda cha Atlas, ikazipa jina Cheetah, ni kusema duma. Ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1986, na za mwisho zilitoka kazini mwaka 2008. Ubaya wa utawala ule hauondoi ukweli kwamba ufundi ulijengwa ndani ya nchi.

Uganda, jirani yetu, ilinunua MiG-21 zilizokwisha kutumika, karibu na mwisho wa miaka ya 1990, na kampuni ya Israeli ilifanya kazi ya kuzirekebisha. Kenya ilipata F-5 mpya kutoka Marekani kuanzia 1978, na katika miaka ya 2000 ikanunua F-5 nyingine zilizokuwa za Yordani. Mwezi wa Oktoba 1971 F-5 hazikuwako Kenya. Mwezi wa Oktoba 2011, miaka 33 nyuma ya zile za kwanza kufika, zilikuwa zikipiga vita Somalia.

Mzee kuliko wote ni B-52 ya Marekani, yenye motere 8. Ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1962. Marekani imeamua kuzipa motere mpya na radari mpya ili ziruke mpaka miaka ya 2050. Piloti wa leo anaweza kukaa katika ndege iliyotengenezwa mbele ya baba yake kuzaliwa.

7. WAKATI WA KUSEMA "BASI"

Je, ndege inaweza kufanywa upya bila mwisho? Hapana. India ilitumia MiG-21 tangu 1963, ikazirekebisha mara nyingi, lakini nyingi zilianguka na mapiloti wengi walikufa. Tarehe 26 Septemba 2025 India ikaziaga kabisa.

Kuna alama tatu zinazosema kwamba wakati umefika. Ya kwanza, matengenezo ya mwaka yanakaribia bei ya ndege nyingine. Ya pili, vipande havitengenezwi tena mahali popote, na mafundi wanatoa viungo katika ndege moja ili nyingine iruke. Kazi hiyo inaweza kusaidia miezi michache, lakini ni kula mbegu: leo ndege 10, kesho 6, kesho kutwa 2. Ya tatu, na ndiyo ya maana kupita zote, fundi mwaminifu anasema "sitamruhusu mtu kupanda humu." Mkubwa anayemlazimisha fundi huyo atie sahihi, amechukua roho ya mtu mikononi mwake.

8. MAMBO YA KUSHIKA

Kuzeeka kwa mashini si aibu. Aibu ni kuificha. Ndege ya miaka 40 iliyopimwa kwa haki ni salama kuliko ya miaka 10 ambayo kitabu chake kimejaa uongo. Na nchi inayonunua mashini bila kuandaa mikono ya kuitunza, imenunua miaka michache tu.

Tena tusifiche upande mwingine. Kufanya upya ndege ya vita ni bei rahisi kuliko kununua mpya, na kwa sababu hiyo silaha za wakubwa, zikizeeka, mara nyingi zinamaliza maisha yake katika vita za nchi maskini. Kindu iliona hilo. Ufundi wa kutafuta ufa katika bawa la mauti ni ule ule wa kutafuta ufa katika ndege inayoleta dawa, katika daraja, katika gurudumu la gari la moshi. Kwetu sisi, tulio na mto na reli na kiwanja cha ndege, ni huu wa pili unaotungojea.

MAULIZO

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe maana ya "chuma kinachoka".
2. Kwa nini ndege iliyolala chini nayo inazeeka? Toa sababu tatu.
3. Piloti ana kilo 72. Ndege ikigeuka na kuongeza uzito mara 5, atajisikia kuwa na kilo ngapi?
4. On Mark ilibadilisha nini katika B-26? Kati ya hayo, ni lipi lililorefusha maisha yake, na ni yapi yaliyoongeza uwezo tu?
5. Kwa nini Mirage za Ubelgiji zilidumu kuliko zile za Zaïre? Jibu bila kutukana upande wowote.

ZOEZI LA MIKONO

Kila kikundi kichukue vipande vitatu vya waya wa aina moja. Cha kwanza mkipinde kidogo, cha pili mkipinde nusu, cha tatu mkipinde kabisa, kila mara mkinyoosha tena. Hesabuni mara ngapi mpaka kikatike, na kuandika. Mtaona wenyewe kwamba mpindo mkubwa unapunguza maisha kwa haraka.

Kisha kila kikundi kichague mashini moja nyumbani au shuleni: cherehani, kinga, jenereta, pampu. Fungueni daftari kwa jina lake. Andikeni tarehe, kazi iliyofanywa, kilichobadilishwa, sauti isiyo ya kawaida. Endeleeni miezi mitatu bila kuruka siku, kisha mlete daftari kwa mwalimu wa fizika.